Kazi ya ushauri elekezi: inavyokulea, inavyokula

Ijumaa jioni kwenye ofisi ya ushauri elekezi, ile kazi ya kulipwa kuzishauri kampuni na serikali, hutoki mpaka ujaze taimushiti. Ni jedwali la kawaida: siku za wiki juu, miradi pembeni, kila mradi na namba yake, nawe unaikata wiki yako vipande vya nusu saa na kuvigawa. Jumla isipofika 40 unaulizwa ulikuwa wapi. Ikipita 40 unaulizwa nani atailipia. Wiki yangu ya tatu kazini nilijaza 61, maana ndizo nilizofanya, na moyoni nilijiona jembe. Meneja wangu akavuta kiti, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mdogo wangu, mteja tumemwuzia saa zako 40. Hizi 21 nizipeleke wapi?" Nikazifuta. Pale ofisini tuliita kumeza saa, na katika miaka minne niliyokaa nimezimeza nyingi kuliko panadol.

Vijana wanaomaliza chuo, Mlimani au Mzumbe, huniuliza kama kazi hii ni nzuri. Waliotoka humo wakiwa na vidonda vya tumbo wana jibu lao, na wanaoendesha magari mazuri Masaki wana jibu lao. Mimi huwarudisha kwenye lile jedwali. Kiwanda cha saruji kinauza saruji, benki inauza mkopo, kampuni ya ushauri inauza saa zako. Mazuri ya kazi hii na mabaya yake yanachotwa kisima hicho hicho, ndiyo maana mtu anayetaka apate ile elimu bila ule usiku, au ule ukaribu na wakubwa bila ile aibu ya ripoti isiyosomwa, anaomba kitu ambacho biashara yenyewe haina.

Kwanza tuelewane ni kampuni zipi. Juu kabisa wako wa mikakati: McKinsey, iliyoanzishwa Chicago mwaka 1926 na profesa wa uhasibu, James McKinsey, BCG ya mwaka 1963, Bain ya mwaka 1973. Kisha zile nne kubwa za ukaguzi wa hesabu, PwC, Deloitte, EY na KPMG, ambazo zina ofisi Dar es Salaam na Nairobi na zina idara za ushauri kando ya ukaguzi. Kisha wanakuja wa kwetu: kampuni za watu kumi au ishirini, aghalabu zimeanzishwa na mhadhiri au mtu aliyestaafu wizarani, zinazoishi kwa zabuni za serikali na za wafadhili. Mimi nimefanya kazi kwenye moja ya hizo kubwa na baadaye kwenye moja ya hizo ndogo. Majina hayana haja. Tofauti ya zulia ni kubwa, tofauti ya kazi ni ndogo kuliko watu wanavyodhani.

Sasa hesabu. Chukua mfano wa kubuni: kijana analipwa 1,800,000 kwa mwezi. Kwa saa 160, saa yake moja inaigharimu kampuni shilingi 11,250. Kampuni inamwuzia mteja saa hiyo kwa 45,000, mara nne. Ukiisikia mara ya kwanza unahisi umeibiwa. Mimi nilihisi hivyo mpaka nilipokalishwa kwenye kikao cha kuandaa zabuni. Andiko moja linaweza kula wiki mbili za watu wanne, mkakosa kazi kwa alama mbili, na wiki hizo hakuna anayezilipa. Kuna miezi ambayo watu wanakaa bila mradi na mshahara unaendelea. Kuna pango, kuna mafunzo, kuna mteja anayelipa baada ya miezi saba, tena akiwa ameshakata kodi ya zuio asilimia 5. Wazee wa biashara hii husema pato ligawanywe theluthi tatu: moja ya mishahara, moja ya gharama, moja ya wabia, yaani wenye kampuni. Kwa hiyo si wizi. Ila tazama theluthi ya tatu inavyonenepa: mbia mmoja chini yake ana mameneja watatu, na chini yao vijana kumi na tano, na kila kijana anayefanya saa 60 akaandika 40 anaufanya mradi uonekane umeendeshwa kwa ustadi.

Kutoka kwenye hesabu hiyo hiyo ndiko kunakotoka lile jambo zuri kuliko yote. Mtu anayeuzwa mara nne ya gharama yake lazima aonekane ana thamani hiyo, na asipokuwa nayo, kampuni italazimika kumpa haraka. Mradi wangu wa pili ulikuwa wa sukari. Jumatatu nilikuwa sijui kwamba sukari ya viwandani na ile tunayoweka kwenye chai ni biashara mbili, zenye vibali tofauti na magomvi tofauti. Alhamisi ya wiki iliyofuata nilitakiwa kusimama mbele ya mkurugenzi aliyekuwa kwenye sukari tangu mimi sijazaliwa. Nilisoma takwimu za forodha mpaka macho yakauma, lakini aliyenifungua ni mzee mmoja wa duka la jumla pale Kariakoo. Nilimpigia shikamoo, nikamwomba dakika tano, akanipa arobaini. Akanieleza mzigo unavyofichwa kuelekea Ramadhani, nani anaanza kupandisha na nani anamfuata, na kwa nini bei ya Tunduma haifanani na ya mjini ingawa karatasi inasema zifanane. Nilipoyaweka kwenye slaidi, mkurugenzi aliinamia meza, akasema, "Haya umeyatoa wapi, kijana?" Nilikuwa na miaka 24. Sijui ofisi nyingine ambayo ingenipa nafasi hiyo kabla sijafika 35.

Na kuna kalamu nyekundu. Meneja wangu wa kwanza, mama mmoja mkali anayeongea taratibu, alikuwa na maneno mawili anayoandika pembeni ya kila chati: "Kwa hiyo?" Mauzo yameshuka asilimia 12 kanda ya ziwa. Kwa hiyo? Wateja wapya wengi ni wanawake. Kwa hiyo? Ukirudisha chati bila jibu, inarudi tena kwako na yale maneno mawili, safari hii yamepigiwa mstari. Baada ya mwaka unajikuta unajiuliza mwenyewe kabla hajafika. Unajifunza kuandika sentensi inayosema kitu, kusikiliza kikao cha watu kumi ukajua wanaogombania ni kingine kabisa na kile wanachokitaja, na kusema "sijui, nitakuletea kesho" bila kutetemeka. Ofisi za nchi hii zina watu wengi wenye akili ambao hawajawahi kuulizwa "kwa hiyo" hata mara moja.

Faida nyingine nazipita haraka kwa sababu zinafahamika. Wengi wanalipiwa ada za mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, na kupewa likizo ya kujisomea. Jina la kampuni kwenye CV linafungua milango: Tidjane Thiam wa Ivory Coast alipitia McKinsey kabla ya kuongoza Prudential na baadaye Credit Suisse, na Sundar Pichai wa Google alipita hapo hapo. Hapa kwetu, ukichungulia idara za fedha za mabenki na kampuni za simu, utakuta waliokuwa wakilala na kompyuta mapajani miaka kumi iliyopita. Wanatambuana kwa jinsi wanavyopanga hoja tatu tatu.

Hizo nafasi zinapatikana kwa sababu wengi wanatoka, na wanatoka kwa sababu mfumo umejengwa hivyo. Katikati ya karne iliyopita McKinsey ikiwa chini ya Marvin Bower ilizoea sera ya panda au ondoka: kila baada ya muda fulani unapandishwa, au unaonyeshwa mlango kwa adabu. Biashara yote ikaiga. Piramidi yenye mbia mmoja juu na vijana kumi na tano chini haiwezi kuwapandisha wote kumi na tano, hata wawe malaika. Wanaolaumu kwamba waliondolewa baada ya kujitoa miaka sita wanadhani kuna kosa lilitokea. Hakuna. Mashine ilifanya kazi yake.

Twende kwenye usiku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 kwa wiki na 9 kwa siku, ovataimu isizidi saa 50 ndani ya wiki nne, na ilipwe si chini ya mara moja na nusu. Mtu wa saa 70 kwa wiki anafikisha ovataimu ya saa 100 ndani ya wiki nne, mara mbili ya kikomo, na kwenye taimushiti hana hata moja. Sheria hiyo hiyo inawaacha nje wanaosimamia wenzao na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Kwenye kampuni za ushauri vyeo vyenye harufu ya usimamizi hugawiwa mapema mno. Sisemi ndiyo sababu, nasema nimeona.

Rudia sasa ile hesabu ya milioni moja na laki nane. Kwa wiki ya saa 45, saa yako ina thamani ya shilingi 9,200 hivi. Kwa wiki ya saa 70 imeshuka mpaka 5,900. Mwenzako wa halmashauri anayelipwa pungufu na kutoka saa tisa na nusu anaweza kuwa anakuzidi kwa saa, na bado ana jioni ya kufuga kuku. Hii hesabu nilimwonyesha rafiki yangu mmoja tuliyeajiriwa pamoja. Aliitazama, akacheka, akafunga kompyuta, kisha akaifungua tena kwa sababu slaidi zilitakiwa asubuhi.

Mwaka 2024 mhasibu kijana wa miaka 26 alifariki Pune, India, miezi michache baada ya kuanza kazi EY, na barua ya mama yake kwa uongozi wa kampuni ikazunguka dunia nzima. Mama alisema kazi ilimmaliza mwanawe; mwenyekiti wa EY India alisema haamini kwamba shinikizo la kazi linaweza kuwa ndiyo sababu. Siwezi kuamua kati yao. Nilichokiona ni namna barua ile ilivyosomwa kimya kimya kwenye makundi ya WhatsApp ya wenzangu wa Dar na Nairobi, na jinsi kila mmoja alivyokuwa na mtu wa kumtaja. Yule aliyelazwa kwa presha akiwa na miaka 29. Yule dada aliyerudi kutoka likizo ya uzazi akakuta miradi mizuri imeshagawiwa, na kwa kuwa hana mradi saa zake hazitoshi, na kwa kuwa hazitoshi tathmini yake ikashuka. Hakuna aliyemwonea. Jedwali tu lilisema.

Wanaoitetea kazi hii hujibu kwamba daktari wa zamu naye halali, na wakili naye halali. Ni kweli. Ila wakati mwingine nilikesha kwa sababu mbia alimwahidi mteja Ijumaa kitu ambacho mteja hakukifungua mpaka Jumatano. Kukesha kwa ajili ya mgonjwa na kukesha kwa ajili ya rangi ya mishale kwenye slaidi ya 34 si kukesha kumoja.

Hata hivyo usingizi unarudi ukiacha kazi. Lisilorudi, kwa upande wangu, ni jambo jingine, na ndilo wengi hawalitaji: unashauri, unaondoka. Hukai uone.

Tulipewa kazi ya kutathmini mradi wa maji mkoani Singida. Hadidu za rejea, yaani maelekezo ya kazi, zilikuwa na kurasa 11, tukapewa siku sita za fildi kwa vijiji vinane. Kwenye kijiji kimoja tulikaa chini ya mkwaju na kamati ya maji. Mweka hazina, mzee wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa na daftari la mistari, lile la shule, jalada limechakaa mpaka limekuwa kama kitambaa. Kila ndoo iliyochotwa ilikuwa humo, kila shilingi 50, kila fundi aliyekuja na alicholipwa. Nilimwambia hesabu zake ni safi kuliko za wateja wetu wengi wa mjini. Akatabasamu, akasema, "Sawa mwanangu, lakini ninyi ni wa tatu mwaka huu. Wa kwanza waliuliza haya haya. Hivi huwa mnasomeana?" Tulicheka wote. Jibu lilikuwa hapana. Ripoti za wale wa kwanza nilizikuta baadaye kwenye kompyuta ya mfadhili, kwenye folda ambayo hakuna aliyeifungua kabla ya kuandika zile hadidu zetu.

Hapa ndipo haki inabidi itendeke kwa upande wa pili, kwa sababu kuna kitu halisi mgeni anaweza kufanya. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wazee hawakukosea. Mwaka 2013 serikali ya Rais Kikwete ilipoleta mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, kwa kuiga mfumo wa PEMANDU, kitengo cha serikali ya Malaysia cha kusimamia utekelezaji, watu walicheka kwamba tumelipa wageni watuambie maji hayatoki. Lakini wale wageni waliwakalisha maofisa wa wizara mbalimbali chumba kimoja kwa wiki kadhaa, wakawataka waandike nani atafanya nini na lini. Maofisa wale walijua tatizo miaka yote. Hawakuwa na mahali pa kulisemea ambapo bosi wa wizara ya pili angelazimika kusikia. Utawala ulipobadilika mwaka 2015, jina lenyewe likafifia. Mgeni anaweza kuifungua midomo ya wenyeji. Kuendelea kusema baada ya yeye kuondoka ni kazi isiyo na namba ya mradi.

Na mgeni huyo huyo anaweza kubomoa. Afrika Kusini imelipia somo hili kuliko nchi yoyote barani. KPMG ilifuta mwaka 2017 matokeo ya ripoti yake kuhusu mamlaka ya mapato ya huko, SARS, na viongozi wake wa juu wakaondoka. Bain ilirudisha ada iliyolipwa na SARS hiyo hiyo, baada ya tume ya Jaji Robert Nugent mwaka 2018 kueleza jinsi mamlaka ilivyovurugwa. McKinsey ilirudisha fedha za shirika la umeme, Eskom, na Desemba 2024 tawi lake la Afrika likakubali kulipa zaidi ya dola milioni 122 kumaliza shauri la hongo lililofunguliwa Marekani. Mganga hajigangi. Kampuni zinazouza slaidi za utawala bora zilishindwa kujiuliza lile swali la kalamu nyekundu.

Ninachokiwaza zaidi kwenye visa hivyo ni kijana wa meza ya nyuma. Yeye hakumchagua mteja. Alipewa namba ya mradi, akatengeneza jedwali. Dhambi ya wabia ilipofichuka, KPMG Afrika Kusini ilitangaza mwaka 2018 kupunguza wafanyakazi mpaka 400. Arthur Andersen, kampuni kubwa ya ukaguzi, ilipoanguka mwaka 2002 pamoja na mteja wake Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, ilikuwa na watu 85,000 duniani. Mahakama ya Juu ya Marekani ilitengua hukumu dhidi ya Andersen mwaka 2005, na hapo kampuni haikuwa tena na ofisi ya kurudi. Kwenye kampuni ya ushauri mali pekee ni jina, na jina likichafuka waliokuwa wakilala saa nne usiku wanafukuzwa pamoja na waliokuwa wakilala saa tisa.

Upande wa kampuni zetu ndogo una karaha zake ambazo hawa wakubwa hawazijui. Kuna kuazimwa CV: kampuni ya nje inahitaji "mtaalamu mzawa" ili ipate alama kwenye zabuni, inaomba wasifu wako, inashinda, na siku ya kazi haikupigii simu. Limenitokea mara mbili. Ukipigiwa, kiongozi wa timu anatoka Ulaya kwa malipo ya siku ambayo wewe unayapata kwa wiki. Wewe ndiye unayempangia vikao, unamtafsiria, unamweleza kwa nini mtendaji wa kata lazima asalimiwe kwanza kabla hamjaingia kijijini. Jina lake linakaa juu ya ripoti, lako kwenye shukrani, wakati mwingine limekosewa herufi.

Kisha kuna kumtegemea mfadhili. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje na kuanza kufuta mikataba ya USAID, shirika lake la misaada, kampuni nyingi za tathmini na utafiti Dar, Nairobi na Kampala ziligundua ndani ya wiki kwamba mteja wao alikuwa mmoja tu mwenye majina mengi. Watu wenye shahada mbili walirudishwa nyumbani kwa barua pepe ya aya tatu. Hapo ndipo jina la kampuni kubwa linapolipa: kampuni kubwa ina benki, ina migodi, ina simu, mfadhili akiondoka anaacha pengo tu. Ndiyo maana namshauri kijana aanze na kampuni yenye wateja wa aina nyingi, hata kama ile ndogo ya mjomba inampa cheo kikubwa.

Kuna na hili la akili mnemba. Oktoba 2025 Deloitte Australia ilikubali kurudisha sehemu ya ada ya ripoti ya serikali iliyogharimu dola 440,000 za Australia, baada ya mtafiti mmoja kugundua marejeo ambayo hayapo duniani. Watu walicheka. Mimi niliwaza kuhusu wale kumi na tano wa chini ya piramidi. Kazi iliyonifundisha, ya kusoma kurasa 300 usiku na kutoa slaidi 20, ndiyo mashine inaifanya haraka zaidi, na mbia mwenye busara ya hesabu ataajiri watano badala ya kumi na tano. Hao watano watapumua usiku, labda. Lakini kama hawajawahi kukaa na mzee wa Kariakoo dakika arobaini, sijui watajuaje kwamba mashine imedanganya kuhusu sukari.

Nikiulizwa basi niende au nisiende, nasema nenda. Miaka mitatu, minne ukiwa na moyo mgumu. Uende na fani unayotaka kuijua, maji, benki, afya, chochote, ili usije ukatoka na ustadi wa slaidi pekee. Kwenye usaili, wanapokuuliza kama una swali, usiulize kuhusu utamaduni wa kampuni. Kila kampuni ina bango la utamaduni ukutani. Uliza saa zinazozidi bajeti ya mradi zinaandikwa wapi. Meneja akikutazama machoni na kukujibu, umepata mahali. Akimtazama mwenzake kwanza, umeshajibiwa. Andika pia kwenye daftari lako mwenyewe saa zote, zile za kweli, kila wiki. Si kwa ajili ya kesi. Ni kwa ajili ya siku utakayotaka kujua umeuza nini. Na siku utakapoona swali la "kwa hiyo" halikutishi tena na miradi imeanza kufanana, usisubiri kupandishwa wala kuonyeshwa mlango.

Mimi nilichelewa mwaka mmoja. Baada ya kuacha nilipita tena Singida kwa shughuli zangu, nikakata kona kwenda kile kijiji. Pampu ilikuwa inafanya kazi, wao wenyewe walikuwa wamebadilisha mpira uliochakaa, jambo ambalo lilikuwa pendekezo namba saba la ripoti ambayo hawakuwahi kuletewa. Yule mzee alinikumbuka. Alitoa daftari, jipya safari hii, na lile la zamani akalitafuta kwenye sanduku ili anionyeshe tarehe tuliyokuja. Aliikuta. Siku ile mimi niliandika saa 8 chini ya namba ya mradi, na mteja akazilipa zote. Yeye, upande wa matumizi ya mfuko wa maji, kwa mwandiko wake mzuri wa kulala, alikuwa ameandika: wageni wa tathmini, soda 5.